Goti Halina Spea: Vijana wa Eastlands, Baiskeli na Kinga ya Viungo

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Walisema kweli, lakini walikuwa wakimzungumzia mwenda kwa miguu. Hawakumwona mtoto wa Umoja au wa Kayole juu ya baiskeli ya kukodi, breki ya nyuma imekatika, breki ya mbele haishiki, akiteremka mtaani kwa kasi huku amelikanyagia kandambili gurudumu la nyuma ili apunguze mwendo. Huyo pole haijui, na kujikwaa kwake si kwa kidole cha mguu. Huyo huangukia goti na kiwiko.

Leo twataka kulizungumza jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni kuvaa kinga za magoti na viwiko kwa wapanda baiskeli, hasa zile baiskeli za milimani zenye magurudumu mapana yenye meno, gia nyingi na springi za mbele. Vijana wa Nairobi huziita kinga hizo padi. Msomaji wa Mombasa au Malindi huenda akauliza: yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa sababu watoto wanaoanguka huko ni watoto wetu pia, na kwa sababu baiskeli hizo hizo zimekwisha kufika kwetu.

Watu wetu Nairobi hawakufika jana. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya mwanzo ya 1920, na Waswahili na Waislamu wengine wakajenga Majengo yao huko, nyumba za udongo zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kama walivyozizoea. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, baadhi ya wenyewe wakahamia Shauri Moyo. Baadaye ikaja Kaloleni, zikaja Bahati, Jericho na Jerusalem. Na katika miaka ya 1970 Buruburu, Umoja na Dandora zikaanza kujengwa. Hiyo yote ndiyo Eastlands. Ni nadra kuikuta nyumba ya pwani isiyo na shangazi, mjomba au mwana katika mojawapo ya mitaa hiyo.

MCHANGA NA KOKOTO

Sisi tuliolelewa pwani tulijifunza kuanguka juu ya mchanga. Mtoto wa Lamu akirushwa na punda katika mashindano yanayofanywa wakati wa Maulidi, huinuka, akajipangusa kanzu au kikoi, watu wakamcheka naye akacheka pamoja nao. Mchanga una huruma. Humpokea mtu, ukatawanyika, ukamwacha na vumbi tu.

Ardhi ya Eastlands haina huruma hiyo. Chini ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha huganda kwenye magurudumu kama ulimbo, na jua likiwaka hukauka ukapasuka nyufa za kuweza kuumeza mpira wa baiskeli. Juu yake wamemwaga kokoto, mahali pengine wametia lami, na lami yenyewe ikichakaa huacha mashimo yenye kingo kali. Kando ya njia ni mitaro iliyo wazi. Katikati ya njia ni matuta ya kuzuia magari, mengine yakiwa yamejengwa na wakazi wenyewe bila alama wala rangi. Kwa hiyo kijana wa Eastlands hana haja ya kuufuata mlima. Mlima umemfuata yeye mlangoni.

Katika mitaa hii baiskeli ya kukodi ndiyo chuo cha kwanza. Mwenye nazo huzipanga kando ya kibanda chake, mtoto akatoa sarafu zake, akahesabiwa dakika au raundi, akapanda. Hakuna mwalimu. Mwalimu ni rafiki anayekimbia nyuma ameshika kiti, naye humwachia mwenzake bila ya kumwambia. Siku ya Idd ndiyo siku kubwa. Watoto wakishapewa sikukuu zao, nusu huenda kwenye peremende na barafu, na nusu huenda kwenye baiskeli. Hapo utawaona watoto wamevaa kanzu mpya na magauni mapya, wamepangana foleni. Na jioni yake utaona kanzu zilizochanika magotini.

VIUNGO VIWILI VISIVYO NA NYAMA

Tuvitazame viungo vyenyewe. Mbele ya goti pana kifupa cha mviringo tukiitacho pia ya goti, ambacho wenye kamusi hukiita kilegesambwa. Nyuma ya mkono, unapokunjika, pana ncha ya mfupa tuiitayo kiwiko. Na Mombasa utawasikia wazee wakisema kisugudi. Majina ni mengi, bali hali ni moja. Katika sehemu hizo mbili mfupa umefunikwa na ngozi peke yake. Paja lina nyama, tako lina nyama, bega lina nyama kiasi chake. Goti na kiwiko havina mto wa kuegemea.

Tena nyuma ya kiwiko, kwa upande wa ndani, unapita mshipa wa fahamu uendao mpaka kidole cha mwisho. Ndiyo maana mtu akikigonga kiwiko chake kwenye ukingo wa meza huhisi kama umeme umempiga mkono mzima. Ikiwa ukingo wa meza wafanya hivyo, fikiri jiwe la ukingo wa mtaro linavyofanya.

Kati ya ngozi na mfupa, katika viungo vyote hivi viwili, pana kifuko chembamba chenye ute wa kulainisha. Kifuko hicho kikipigwa huvimba, na kikiingiwa na uchafu hutunga usaha. Jeraha likizidi kwenda chini likafika ndani ya kiungo chenyewe, vijidudu vyaweza kuila gegedu kwa muda wa siku chache, na gegedu iliyoliwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Mzazi aliyezoea kulipaka jeraha la goti dawa ya rangi na kumwambia mwanawe arudi kucheza, na ajue kwamba goti linalovimba, linalowaka moto na lisilokunjika si la kupakwa nyumbani. Ni la hospitali siku hiyo hiyo. Na jeraha lililoingiwa na udongo lataka kuangaliwa na habari ya sindano ya pepopunda.

Kwa Mwislamu viungo hivi vina daraja nyingine. Mikono huoshwa pamoja na viwiko katika kutawadha. Magoti mawili ni miongoni mwa viungo saba vya kusujudia. Msikitini Pumwani nilimwona kijana ambaye ndevu hazijamtoka sawasawa, akiswali juu ya kiti mwishoni mwa safu, pamoja na wazee wenye baridi ya mifupa. Nilipomwuliza baada ya sala, alisema neno moja tu: “Baiskeli.” Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi, na ruhusa hiyo ni rehema. Lakini sijamwona kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akiitamani.

FUNDI NA PADI ZAKE MSUMARINI

Katika Umoja yupo kijana fundi wa baiskeli mwenye kibanda cha mabati. Asubuhi huziba pancha na kunyoosha rimu. Alasiri, watoto watokapo shule, hukodisha baiskeli saba. Nilipomtembelea niliona jozi ya kinga za magoti na jozi ya kinga za viwiko zimetundikwa kwenye msumari, juu kabisa, mahali pasipofikiwa na mtoto.

“Hizo za nani?” nikamwuliza.

“Zangu, mzee. Jumapili twaenda Karura na wenzangu.”

Msitu wa Karura ni ule ambao marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka wa 1998 na 1999 usigawanywe kwa wajenzi. Leo una njia za waendao kwa miguu na njia za wapanda baiskeli, na kijana wa Eastlands aweza kuufikia kwa kupiga pedali bila ya kulipa nauli.

“Na hawa watoto?” nikamwuliza tena. “Wao huwavalishi?”

Akacheka. “Mzee, nikiwavalisha watachekwa. Wataambiwa wamevaa nepi za magoti. Kesho watahamia kwa jirani yangu asiyewavalisha kitu.” Kisha akanyamaza, akasema jambo ambalo sijalisahau: “Mtoto akianguka, goti lake halitazami kwanza. Hutazama baiskeli, kama imepinda, kwa sababu ajua nitamlipisha.”

Nikaona hapo ndipo ulipo mzizi wa maneno yetu. Baiskeli ina mwenyewe, ina bei, na spea zake zapatikana. Goti la mtoto halina anayelidai fidia.

Fundi yule alikunja mkono wa shati akanionyesha kiwiko chake cha kushoto. Mkono hunyooka nusu, kisha hukataa. Alivunjika akiwa na umri wa miaka kumi, akapelekwa kwa mwunga mifupa, akafungwa vijiti. Kamba zilikazwa mno, vidole vikavimba vikabadilika rangi, akaambiwa astahimili. Alipofikishwa hospitali, madaktari waliuokoa mkono, lakini hawakuweza kumrudishia uliokuwa. Mafundi wa kuunga mifupa tunao pwani pia, na wengine wana mikono mizuri, hatuwavunjii heshima. Lakini kiwiko cha mtoto ni jambo la hatari kubwa, kwa kuwa mshipa wa damu na mishipa ya fahamu hupita karibu sana na mahali mfupa uvunjikapo. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au vikibadilika rangi, usingoje asubuhi.

ASILI YA MCHEZO

Mchezo wa kuteremka milima kwa baiskeli haukuzaliwa na watu wenye kinga. Ulianza katika miaka ya 1970 huko California, Marekani, ambako vijana walizichukua baiskeli nzito za zamani zenye magurudumu mapana wakateremka nazo milimani. Mashindano yao mashuhuri, yaliyoitwa Repack, yalianza tarehe 21 Oktoba 1976 karibu na mji wa Fairfax, katika njia ya vumbi iliyoshuka karibu mita 400 kwa mwendo usiozidi kilomita 4. Jina hilo lilitokana na breki. Baiskeli hizo zilikuwa na breki za ndani ya kikombe cha gurudumu la nyuma, nazo zilipata moto kiasi cha kuiunguza grisi yote, hata ikabidi kikombe kijazwe upya kila baada ya kuteremka.

Vijana wale walivaa suruali nene za dengrizi, viatu vizito na glavu za ngozi, na hizo ndizo zilizokuwa kinga zao. Mchezo ulipokua, na baiskeli zikawa na springi na breki kali, mwendo ukazidi, na mavazi yakabadilika. Mbio za baiskeli za milimani ziliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka wa 1996 mjini Atlanta. Leo wateremkaji wakubwa wa dunia huvaa kofia zinazofunika uso wote, na wengi wao huvaa kinga za magoti.

Kwetu Kenya mchezo huu una watu wake. David Kinjah, katika kijiji cha Mai-a-Ihii huko Kikuyu, amewalea vijana wengi katika kundi lake la Safari Simbaz, akiwafundisha kupanda, kutengeneza baiskeli na kuishi na watu. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, akajifunza katika vilima vya Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Froome huyo huyo atupa somo la pili. Tarehe 12 Juni 2019, huko Roanne, Ufaransa, alikuwa akiipima njia kabla ya mashindano, akagonga ukuta kwa kasi. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu, naye hakushinda tena mashindano makubwa. Wapanda baiskeli za barabarani hawavai kinga za viungo, kwa sababu ya joto na kwa sababu mguu hupiga pedali maelfu ya mara kwa siku. Wala hatusemi kwamba padi ingemwokoa kwa mwendo ule. Twasema kwamba bingwa kama yeye, mwenye mikono ya ustadi na baiskeli bora, ardhi haikumheshimu. Itamheshimu mtoto wa Dandora mwenye baiskeli isiyo na breki?

Na yupo ndugu yetu Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyewafungulia Waafrika wenzake njia katika mbio za njia za changarawe. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022, baada ya kuanguka katika mashindano ya Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Mwenyezi Mungu amrehemu. Twamtaja ili tukumbuke kwamba mchezo huu una mauti ndani yake, na kwamba hakuna vazi linalomdhamini mtu.

KINGA HUFANYA NINI, NA HAIFANYI NINI

Kinga ya goti au ya kiwiko hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuligawanya pigo. Jiwe lenye ncha hupiga mahali padogo; kikombe cha plastiki ngumu hulipokea pigo hilo na kulieneza, na sponji iliyo chini yake hubonyea na kulichelewesha, hata mfupa ukapata sehemu tu ya yale yaliyokuwa yaufikie wote. Kazi ya pili ni kuikinga ngozi isichubuliwe. Kikombe hicho huteleza juu ya lami badala ya ngozi kusuguliwa nayo.

Ulaya pana kipimo cha kinga za wapanda pikipiki, ambacho watengenezaji wa kinga za baiskeli za milimani hukitumia pia, kiitwacho EN 1621-1. Kinga hupigwa na uzito kama wa kilo 5 ulioangushwa kutoka urefu wa mita 1, kisha hupimwa ni nguvu kiasi gani iliyopenya. Daraja ya kwanza ni ile isiyopitisha wastani wa zaidi ya kilonyutoni 35; daraja ya pili, iliyo bora, haipitishi zaidi ya 20. Ukiiona alama hiyo imeandikwa ndani ya kinga, ujue imeonjeshwa nyundo kabla ya kufika kwako.

Ushahidi mwingine watoka kwa ndugu zao wapanda baiskeli, yaani watelezaji wa viatu vya magurudumu, ambao Nairobi imejaa nao. Mwaka wa 1996 jarida la matabibu la New England la Marekani lilichapa uchunguzi wa watelezaji waliofikishwa hospitali. Wasiovaa kinga za viwiko walionekana kuwa katika hatari ya kuumia kiwiko kwa karibu mara 9 na nusu kuliko waliovaa. Kwa kinga za kifundo cha mkono ilikuwa zaidi ya mara 10. Kwa magoti tofauti ilionekana, lakini haikuwa kubwa kiasi cha kukata shauri. Twaeleza yote, la kupendeza na lisilopendeza, kwa kuwa mwenye kutaka kuaminiwa hafichi nusu ya habari.

Basi na yasiyowezekana tuyataje. Kinga haizuii goti kupotoka. Mguu ukinasa katika pedali na mwili ukageuka, kano za ndani zaweza kukatika na padi ikabaki nzima. Kinga ya kiwiko haimzuii mtoto kuvunjika mkono aliounyoosha kujizuia. Wala magoti yaliyofunikwa hayamsaidii mwenye kichwa kitupu. Kofia ndiyo ya kwanza, breki ndiyo ya pili, glavu za mikono zifuate, kisha magoti na viwiko. Mwenye pesa za kimoja tu na aanze na kichwa.

NAMNA YA KUCHAGUA

Vijana wengi hununua vitu hivi Gikomba, katika marobota ya mitumba, au hupewa na waliotangulia. Mtumba si aibu, lakini wataka macho. Bonyeza sponji kwa kidole gumba ukiachie: ikirudi upesi ni nzima, ikibaki na shimo au ikivunjika kama mkate mkavu, iache. Kitazame kikombe cha plastiki upande wa ndani, kwa kuwa ufa huanzia huko. Vuta utepe wa mpira; uliolegea hautakaza tena. Angalia kamba za kunata kama bado zanata.

Kisha ivae, usiikisie kwa macho. Pia ya goti ikae katikati ya kikombe. Chuchumaa na kusimama mara ishirini, kama apigaye pedali. Ikiteremka kwenye muundi, ni kubwa, na siku ya kuanguka itakuwa imekwenda zake kabla ya goti kufika chini. Mguu ukifa ganzi, ni ndogo. Mtoto asinunuliwe ya kukulia, kama anunuliwavyo sare ya shule. Kinga kubwa ni mapambo.

Ziko za namna mbili. Yenye kikombe kigumu yafaa lami na mitelemko mikali. Ile laini, ya kuvaliwa kama soksi, yafaa mpandaji wa safari ndefu, kwa kuwa haimchomi wala haimlemei anapopanda kilima. Zote mbili zifuliwe kwa maji na sabuni, zianikwe kivulini. Jua huzeesha mpira na plastiki kama linavyomzeesha mvuvi.

Asiyeweza kununua hakukosa la kufanya. Suruali nene ya dengrizi, ikashonewa magotini kwa ndani kipande cha godoro chenye unene wa vidole viwili, hailingani na kinga ya kiwandani. Haitauzuia mfupa kuvunjika kwa pigo kubwa. Lakini ngozi itabaki mahali pake, na udongo hautaingia ndani ya kiungo. Fundi cherehani yeyote wa Kariobangi aweza kuishona kabla ya sala ya alasiri.

UJASIRI NA TAWAKKULI

Limebaki neno la kuchekwa. Kijana huona haya kujifunga kinga, kwa dhana kwamba ni alama ya woga. Swali letu kwake ni moja: mkwezi wa mnazi ajifungaye kitanzi miguuni ni mwoga? Askari wa zamani aliyebeba ngao alikuwa akikimbia vita? Wapanda punda wa Lamu hawavai kitu, ni kweli, lakini wao wana mchanga chini. Kila ushujaa na ardhi yake.

Wapo pia watu wazima wasemao kwamba la kuandikwa halifutiki, aliyeandikiwa kuvunjika atavunjika. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Mtu alimwuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Padi ni kamba ya ngamia. Tawakkuli huanza baada ya kuifunga.

Na wasichana je? Siku ya Idd na wao wamo katika foleni. Mama mmoja wa Pumwani aliniambia kwamba hamzuii binti yake kupanda baiskeli, bali huogopa gauni kunasa katika mnyororo. Hofu yake ni ya haki. Suruali pana iliyokusanywa kifundoni, kinga zikavaliwa chini yake, na kofia ikakaa juu ya mtandio mdogo uliobanwa vyema, hutimiza mawili kwa pamoja: stara na salama. Hata mvulana aliyebaleghe, ambaye kaptula fupi haimsitiri magoti, atapata faida hiyo hiyo.

WAJIBU WA NANI?

Kenya hupoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani, kwa hesabu za serikali za miaka hii ya karibuni, na wapanda baiskeli wamo. Hizo ni hesabu za vifo. Magoti na viwiko havimo katika hesabu hiyo. Mtoto aliyeacha mpira kwa sababu ya goti, au fundi asiyeweza kunyoosha mkono kufikia rafu ya juu, hakuna anayemwandika popote.

Kwa hiyo shauri letu ni jepesi. Mwenye baiskeli saba za kukodisha na awe na jozi tatu za kinga na kofia tatu, na bei yake iingie humo humo katika bei ya raundi. Wenye vibanda wa mtaa mmoja wakiafikiana, hakuna mtoto atakayehamia kwa jirani, kwa kuwa jirani naye atamvalisha. Breki na zikaguliwe kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza kutoa sarafu. Mzazi anunuaye baiskeli ya Idd na anunue na vya kuvaa, hata kama itambidi achukue baiskeli ya bei ya chini kidogo. Na sisi wa pwani, ambao barabara zetu nazo zinatiwa lami mwaka hata mwaka na mchanga unatupungukia, tusingoje kufundishwa na vidonda vyetu.

Nilimwambia fundi wa Umoja maneno hayo. Hakunijibu kwa mdomo. Alipanda juu ya kigoda, akazitoa kinga zake kwenye msumari, akazitundika chini, usawa wa kifua cha mtoto. Sijui kama zimevaliwa. Lakini walau sasa zafikika, na mtoto akiuliza ni za nini, yupo wa kumweleza kwamba rimu ikipinda hunyooshwa, mnyororo ukikatika hununuliwa mwingine, ama goti halina spea.